Kwa Nini Sikumpulizia Mtoto wa Bi Mishi

Kisauni, baada ya sala ya alasiri

Mwanangu Mwanaidi,

Nakusikia huko jikoni unacheka na mamako. Mnakaanga kitu, nami harufu yake siipati kwa sababu pua zangu zimeziba tangu juzi. Ningeweza kukuita hapa upenuni nikakwambia haya kwa mdomo, wala si mbali. Lakini mafua haya yamenishika wakati mbaya, na sitaki upande nayo gari la moshi kesho ukawagawie wasichana wa watu huko bwenini, kwenye chuo cha ualimu. Kwa hivyo nimemwomba mamako karatasi na kalamu, akaniwekea kizingitini akaenda zake, na ndiyo haya nakuandikia. Asubuhi nilimsikia mjombako akisema, "Mwalimu na mafua yake, mtu angedhani ana ndui." Nikacheka mpaka nikakohoa. Mwache aseme. Hakuwako hapa kwetu mwaka ule.

Mambo ya kila siku nitayaruka. Habari ya sanduku na kufuli yake, ya kutolala garini mkoba ukiwa mbali nawe, ya mafuta ya nazi ya kujipaka kwa ile baridi ya bara, mamako amekwisha kuyasema, tena ameyarudia hata mimi niliyejitenga huku nimeyahifadhi. Sala zako unazijua. Na hayo ya Mwambao na Uhuru, kama pwani ijitenge au ifuatane na bara, ambayo wazee wanayabishania barazani kila jioni mpaka wanasahau kahawa yao, wewe utauona mwisho wake kuliko mimi.

Nataka nikusimulie mwaka niliougua. Wewe unaukumbuka vipande vipande, kama mtoto anavyokumbuka. Wiki iliyopita nilikuwa nikipita dirishani nikakusikia ukimwambia rafiki yako kwamba babako aliwahi kujitenga bandani muda mrefu akivuta uradi, usiku na mchana katika dhikiri, na watu wakija kutoka mbali kumwomba dua. Nilisimama. Nilitaka kuingia nikaona haya mbele ya mgeni. Uradi huo haukuwako, mwanangu. Maneno hayo niliyatunga mimi, na nimeshangaa kuona yangali yanatembea mtaani baada ya miaka yote hii.

Ilianza na kikohozi cha kawaida, wakati wa mchoo, manyunyu yakishuka kila asubuhi. Chuo changu cha Kurani kilikuwa katika chumba cha mbele, kile ambacho sasa mamako ameweka cherehani yake. Watoto walikaa juu ya jamvi wamebanana magoti, na kwa sababu ya mvua tulifunga madirisha. Mimi nilikaa katikati yao. Nakumbuka siku hizo nilikuwa nikiwafunza adabu za chafya: mtu afunike uso wake, ageuke pembeni, amshukuru Mungu. Nikimaliza hapo nakohoa mdomo wazi juu ya vichwa vyao. Nilidhani adabu zile ni za wanafunzi.

Kila mtu alikuwa na jina la kikohozi changu. Jirani alisema ni moshi wa taa ya mafuta. Mamako alisema ni baridi imeingia kifuani, akanipa tangawizi na asali, akanisugua mgongo mpaka ngozi ikawaka. Mimi nilisema ni vumbi la chokaa, kwa kuwa tulikuwa tumepaka kuta karibuni. Tukasema hivyo mpaka kanzu zikaanza kunining'inia mabegani kama zimetundikwa msumarini, na nikawa natoka jasho kitandani hata mamako anageuza godoro. Siku moja nilikohoa, nikatazama kitambaa, nikakikunja haraka nikakitia mfukoni. Mamako alikuwa amekwisha kuona ile damu.

"Kesho unavuka daraja uende hospitali," alisema. "Ama nitakuvusha mimi nimekushika mkono, watu wakitazama."

Nikavuka. Hospitali walinipiga picha ya kifua, wakachukua makohozi yangu katika kijichupa, wakaniambia nirudi. Niliporudi daktari alinieleza kwamba ni kifua kikuu, na kwamba siku hizi kina dawa, nisikate tamaa. Kisha akanikabidhi kwa dresa, kijana wa Kitaita msemaji wa taratibu, naye akavuta kibao akaketi ubavuni mwangu, si mbele yangu.

"Mwalimu, unaishi na nani?"

"Mke wangu na binti yangu."

"Na kazi yako?"

Nikamwambia kazi yangu ni kusomesha Kurani. Akatazama mikono yake.

"Watoto wangapi katika chumba hicho?"

Nilikuwa naviona vichwa vyao tu, vimeinama juu ya juzuu.

Alinieleza bila kunitisha. Ugonjwa huu hauji kwa jicho baya wala haumo katika damu ya ukoo, unasafiri kwa pumzi. Mtu akikohoa, akipiga chafya, akicheka, hata akisoma kwa sauti, hutoa matone madogo yasiyoonekana, na chumba kikifungwa matone hayo hubaki humo mpaka mwingine ayavute. Kwa hivyo nilale peke yangu mahali penye hewa. Nikohoe ndani ya kitambaa, na vitambaa vichemshwe. Niteme katika kopo lenye kifuniko, na kilichomo kichomwe moto, wala nisiteme chini popote. Nisiketi uso kwa uso na mtu, wala nisiiname na wenzangu juu ya sinia moja. Kutakuwa na sindano kila siku hapo mwanzo, na vidonge kwa muda mrefu, hata nitakapojiona nimepona.

"Kikombe chako kikioshwa kwa sabuni na maji moto hakina neno," alisema. "Wewe angalia pumzi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka sisi tukuambie. Usijiambie mwenyewe."

Nilirudi kwa miguu, sikutaka kukaa ndani ya basi na watu. Nikafika nyumbani nikasimama uani, nikamwita mamako kutoka mbali, nikamwambia yote. Nilitazamia atalia. Alikuwa ameshika mwiko. Akaugeuzageuza mkononi, akasema, "Basi tutafanya kama alivyosema," akaingia ndani, na mara nikasikia kitanda changu kinaburutwa.

Banda unalikumbuka. Lilikuwa la kuwekea kuni na nazi, paa la makuti, kuta zinaishia kifuani, upepo wa baharini unaingia huku na kutokea huku. Mamako alilifagia akatandika. Godoro alilianika juani kila siku, na vitambaa vyangu alivichemsha katika sufuria ambayo haikuwa na kazi nyingine. Chuo nacho alikishika yeye. Unajua alisomeshwa na mamake, na usomaji wake ni safi kuliko wangu. Ila tangu anioe mimi, au tuseme tangu nimuoe, sauti yake ilikuwa haivuki mlango wa jikoni. Aliwatoa watoto katika kile chumba akawaketisha chini ya mkorosho, mbali mbali, hewani.

Wewe ulikuwa umeanza skuli karibuni. Kazi yako ilikuwa kuniletea chakula. Unafika kwenye kinu kilichopinduliwa katikati ya uani, unaweka sahani juu yake, unarudi nyuma mpaka mlango wa jikoni, ndipo mimi natoka kuichukua. Mara ya kwanza uliniuliza, "Baba, nimekosa nini?" Nikakwambia hukukosa kitu. Hukuniamini. Ikawa unaweka sahani na kukimbia bila kunitazama.

Sindano zilikuwa chungu, lakini hilo ndilo lililonishinda. Mamako ndiye aliyelipatia njia. Alikwambia, "Babako anataka kusikia somo lako la leo." Ukasimama mlangoni mwa jikoni na juzuu yako, nami bandani, na upepo kati yetu ukichukua nusu ya maneno. "Sisikii!" nikakwambia. Ukapandisha sauti. "Bado!" Ukapandisha tena, mpaka jirani akachungulia juu ya ua kuona ni nani anayepigwa. Leo watu husema binti wa mwalimu ana sauti kubwa kupita kiasi. Sijapata kuwaeleza imetoka wapi. Mbele ya darasa la watoto itakufaa.

Na kabla ya magharibi mamako alikuwa akija na mbuzi yake ya kukunia nazi. Kwanza anatazama moshi wa jikoni unaelekea wapi. Kisha anaketi upande ule ambao upepo unatoka kwake kuja kwangu, mbali kidogo, akikuna nazi huku akinipa habari za mtaa: nani ameposwa, nani amegombana na nani kisimani, mtoto gani amemaliza juzuu. Sikuwahi kuzungumza na mke wangu kiasi kile tangu tuoane. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kula na kuinuka. Ndiyo maana nikiukumbuka mwaka ule siukumbuki kwa uchungu mtupu, na mamako pia ukimuuliza atatabasamu.

Sasa habari ya uradi.

Wakati ule ugonjwa huu ulikuwa na aibu. Nyumba ikijulikana kuwa na kifua kikuu, watu walisema kimo katika damu yao, mabinti hawaposwi na chakula chao hakiliwi. Nilikufikiria wewe. Nilifikiria na jina langu pia, nisikufiche. Kwa hivyo Mzee Rashidi, yule aliyekuwa akiuangalia msikiti wetu, alipokuja kuniuliza kwa nini sionekani kwenye sala ya jamaa, nilimjibu kutoka bandani, "Nimeingia katika uradi, Mzee. Nimejitenga na watu kwa muda." Nikajiona nimepata neno zuri. Litawaweka watu mbali, na heshima yangu itabaki mahali pake.

Mamako alingoja Mzee aende. "Mwalimu," alisema, "neno hilo litakuletea watu."

Likawaleta. Mmoja alikuja na ndizi, mwingine na ubani. Walitaka dua ya biashara, dua ya mume aliyetoroka, dua ya ng'ombe aliyekataa kutoa maziwa, nami nikawaombea kutoka kitandani ili waondoke. Kila nilipopaza sauti, "Msikaribie, nimo katika uradi!" ndivyo walivyozidi kusogea, wakinong'onezana kwamba mwalimu amefika daraja kubwa. Mzee Rashidi mwenyewe alikikuta kikombe changu juu ya kinu, hakijaoshwa, akanywa maji yaliyobaki kwa kutafuta baraka. Nilimwona kwa macho yangu. Nilikuwa nimeshika kitambaa mdomoni, nikamwacha anywe. Kila siku nilijiambia kesho nitasema.

Ikawa siku moja, jua la mchana, watoto wamo chini ya mkorosho wanasoma, akatokea mwanamke mbiombio na mtoto mchanga kifuani, miguu yake imekuwa myeupe kwa vumbi. Alikuwa Bi Mishi, mke wa Kombo, mkata mawe wa Mwakirunge. Ametoka kwao kwa miguu. Mamako alimwita, hakusikia. Alikipita kinu, akaingia moja kwa moja bandani, akapiga magoti mbele ya kitanda changu, akamfunua mtoto uso na kumwinua kwangu.

"Shikamoo, mwalimu. Mtoto yuwaungua. Hanyonyi tangu jana. Msomee, umpulizie."

Kumsomea mtoto na kumpulizia usoni ni kazi niliyoifanya tangu ujana wangu, na babangu aliifanya kabla yangu. Uso wa mtoto ulikuwa hapa, chini ya kidevu changu, mdomo wazi, anahema. Nikajibana kitambaa mdomoni nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Mtoe," nikasema.

"Mwalimu?"

"Mtoe nje, Bi Mishi. Upesi. Siwezi kumpulizia."

Alinitazama kana kwamba nimempiga. "Wenzangu umewaombea. Jirani yangu umemwombea hata ng'ombe. Au ni kwa kuwa sisi ni watu wa mawe, mwalimu? Kwa kuwa sikuleta kitu?"

"Hasha! Sikiza, mamangu..."

"Pumzi moja tu! Itakupunguzia nini?" Akamsogeza tena mtoto.

Ningeweza kugeuza uso nikapuliza ukutani, naye asingejua. Ningeweza kumwambia uradi wangu hauruhusu. Wallahi yote hayo yalinijia. Lakini yeye angerudi na mtoto kesho, na kesho kutwa, na wengine wangekuja nyuma yake na watoto wao wamewashika hivyo hivyo. Nikapaza sauti kutoka nyuma ya kitambaa.

"Nina kifua kikuu! Hakuna uradi, Bi Mishi, mimi ni mgonjwa. Nikimpulizia mtoto wako nitampa ugonjwa wangu. Mtoe!"

Chini ya mkorosho watoto waliacha kusoma. Bi Mishi alimfunika mtoto kwa leso, akatoka kinyumenyume. Alipofika uani akasimama.

"Na umetuacha tuje?" alisema. "Siku zote hizi, watu na watoto wao, umetuacha tuje?"

Swali hilo lingali linanifuata hata leo.

Mamako hakupoteza wakati. Alimpokea mtoto, akampangusa mwili kwa maji, akawaambia watoto wa chuo warudi kwao, akavaa buibui lake na kumshika Bi Mishi mkono wakaenda kutafuta basi. Hospitali walisema ni malaria, tena imempanda, wangechelewa ingekuwa habari nyingine. Walimchoma sindano wakamlaza. Mamako alirudi jua limekwisha kushuka, akasimama mahali pake pale upande wa upepo.

"Mtoto amenyonya," alisema. Kisha akasema, "Leo umesema vizuri." Akaenda kuwasha moto. Sikumbuki kama amewahi kunisifu zaidi ya siku hiyo.

Kesho yake chini ya mkorosho walikuja ndugu wawili tu, ambao mama yao alikuwa bado hajapata habari. Baadaye akaja kuwachukua. Halafu akatokea Mzee Rashidi, akasimama nje ya ua, njiani kabisa.

"Mwalimu," akaita, "mimi nilikunywa maji yako."

"Najua, Mzee. Nilikuona."

"Uliniona?"

"Nilikuona. Nisamehe."

Akavua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena. "Lahaula! Nami nimewahadithia watu jinsi yalivyokuwa matamu."

Nilimwomba aende akapigwe picha. Nikamwomba awazungukie wazazi wa watoto wa chuo awaambie nao wawapeleke wanao, nawe na mamako mkaenda. Siku za kungoja majibu ndizo nilizougua kweli. Nilijilaza pale nikiwataja watoto mmoja mmoja kwa majina yao, nani alikaa karibu nami, nani aliketi dirishani. Majibu yakaja. Nyote salama, na Mzee Rashidi salama, naye akaitembeza karatasi yake ya hospitali mtaa mzima kama hati ya shamba. Nilisujudu pale pale bandani, juu ya mchanga.

Mzee huyo, Mungu amrehemu, alinitendea jambo ambalo sikulitarajia. Ijumaa iliyofuata, watu walipotoka msikitini, aliwasimamisha nje akawaeleza yote, na kikombe chake hakukificha. Akawaambia anayekohoa asali karibu na mlango bila kuona haya, na ashike kitambaa. Akafungua yale madirisha ya msikiti yaliyokuwa yakifungwa kwa ajili ya popo. Watu wakagombana naye kuhusu popo kwa muda mrefu kuliko walivyogombana kuhusu mimi. Na watoto wakaanza kurudi, leo huyu, kesho yule, kwa kuwa mama zao waliona mamako ameketi nao hewani na hakuna aliyekohoa. Wenyewe walifanya mchezo: mmoja akipiga chafya bila kufunika uso, wenziwe wote wanaangukia mchangani kama wamekufa.

Bi Mishi alikaa kitambo kabla ya kurudi. Alikuja na maziwa ya mbuzi ndani ya kibuyu na mtoto mgongoni, amenona. Safari hii alisimama kwenye kinu.

"Shikamoo ya mbali, mwalimu."

"Marahaba ya mbali, Bi Mishi."

Akaweka kibuyu juu ya kinu. "Nilikukasirikia sana. Nikamwambia Kombo yule mwalimu ni mwongo. Kombo akasema ni mwongo kweli, lakini siku ile angetaka angepuliza tu, nasi tungeondoka tumefurahi." Akamtikisa mtoto mgongoni. "Basi nimeleta maziwa. Yachemshe."

Nilikunywa maziwa ya mbuzi wa Bi Mishi mpaka nikapona. Hilo ndilo jambo ambalo nilitaka umwambie rafiki yako badala ya habari ya uradi.

Mwanaidi, huko unakokwenda mtalala wengi katika chumba kimoja, na nasikia bara watu hufunga madirisha kwa baridi. Siku moja utaamka koo linawasha. Utajiambia ni vumbi, ni ugeni wa maji, kama nilivyojiambia mimi habari ya chokaa. Usingoje. Waambie wenzio mapema, wakati bado ni jambo dogo la kusema, geuza uso wako, omba kitanda cha dirishani, na ukihitaji dawa uende. Watacheka, kama mjombako alivyonidhihaki leo asubuhi, na kicheko hakijapata kumlaza mtu. Mimi nilingoja mpaka nikawa na jina la kulinda, na kila siku iliyopita kusema kukawa kugumu zaidi.

Na siku nyingine atakuwa mwenzio. Wasichana wengine watahamisha mito yao. Wewe mfungulie dirisha, kisha tafuta upepo unatoka wapi, ukae upande huo, umpe habari za darasani. Mamako alinipa dawa nyingi mwaka ule, na hakuna niliyoingoja kwa hamu kama habari za kisimani.

Kesho mjombako na mamako watakupeleka stesheni. Mimi sitavuka daraja. Nitakuaga hapa upenuni, na mkono wangu usiubusu. Nimekwisha kukuombea asubuhi, na nitakuombea tena gari litakapokuwa linapanda bara.

Nimebakisha moja ambalo sijui kama unalikumbuka. Siku waliyoniambia hospitali kwamba picha ni safi na makohozi ni safi, na kwamba sasa naweza kukaa na watu wangu, nilifika nyumbani ukiwa unafagia uani. Uliponiona uliacha kufagia, ukarudi mpaka mlango wa jikoni, mahali pako.

"Mwanaidi," nikakuita.

"Abee, baba."

"Wamesema nimepona. Njoo."

Ukaja mpaka kwenye kinu, ukasimama. Ulikuwa umerefuka, nami sikuwa nimekuona kwa karibu muda wote ule. Ukaniuliza, "Nije mpaka wapi, baba?"

Nilikaa chini pale pale mchangani na kanzu yangu safi, nikapigapiga mchanga kando yangu. Ukanitazama kwanza, ukamtazama mamako aliyekuwa amesimama mlangoni, yeye akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Ndipo ukaja, ukaketi, ukaegemea ubavu wangu. Ukanusa kanzu, ukasema inanuka dawa. Nikakwambia ni kweli. Mamako alitutangazia kwamba chakula kiko tayari, akaingia, akatoka tena akatuambia kinapoa. Hatukuinuka.

Uende salama, mwanangu, na ufike salama.

Babako,
Abdalla